Kinywa cha Mbuta

Katika chumba cha sayansi cha chuo ninachofundisha, karibu na Kisumu, palikuwa na sanduku la kioo lenye maji ya ziwa, mchanga kidogo, majani mawili matatu ya majini, pampu ndogo ya hewa, na chungu kilichovunjika mdomo. Ndani yake waliishi furu saba, samaki wadogo wasiozidi urefu wa kidole, ambao kwa Kijaluo huitwa fulu. Wanafunzi wangu waliwatunza muda wa miezi miwili. Siku moja kabla ya mapumziko ya juma moja, mmoja wao, kijana mwema mwenye haraka, alileta kutoka ufukoni mbuta mchanga wa urefu wa shibiri moja, hai ndani ya ndoo, akamtia pamoja na wale wengine. Hakuna aliyemkataza. Mimi mwenyewe nilikuwapo, tena nikamsifu kwa bidii yake. Tulipofungua mlango baada ya mapumziko tulimkuta mbuta amejaa tumbo, maji yametulia, na furu amebaki mmoja tu, amejibanza ndani ya chungu.

Wanafunzi walimlaani mbuta. Niliwakataza, kwa sababu mbuta hakuwa na hatia yo yote. Alifanya kile ambacho kinywa chake kiliumbiwa kufanya. Wenye hatia tulikuwa sisi, tuliochagua nani atiwe pamoja na nani pasipo kuuliza swali hata moja. Na katika sisi mwenye hatia kubwa zaidi ni mwalimu, aliyejua na akanyamaza.

Nimepata kuambiwa ya kwamba kulifananisha sanduku la kioo na Ziwa Viktoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ni mchezo wa kitoto. Nasema si mchezo. Jambo lililofanyika katika sanduku letu kwa juma moja ndilo lililofanyika katika ziwa letu kwa miaka thelathini, na wako watu wazima wenye elimu ambao hata leo hulisifu. Nataka kushindana nao, na nawaomba wasomaji vijana wasikilize hoja za pande zote mbili kabla ya kuamua.

Kwanza tutazame wale wanaojua kazi ya kuwakutanisha samaki. Wako watu katika miji ya Ulaya na Marekani wanaofuga samaki walaji wa baharini katika sanduku moja la maji ya chumvi. Humo hutia chewa, mkunga, kikande, bunju, na yule samaki mwenye mapezi marefu kama manyoya na miiba ya sumu, ambaye huonekana hata katika miamba ya pwani yetu. Ni ufugaji wa gharama kubwa, na kosa moja laweza kuuharibu wote kwa usiku mmoja. Kwa hiyo wafugaji wake wamejifunza adabu. Hawaanzi kwa kuuliza kama samaki fulani ni mkali; huuliza kwanza kinywa chake kina upana gani. Chewa ni mpole, hatafuti ugomvi na mtu, lakini jirani awezaye kuenea kinywani mwake haoni asubuhi. Swali la pili ni la tabia. Kikande huenda asimmeze jirani, lakini humuuma mapezi leo na kesho na keshokutwa, hata samaki wa mwendo wa taratibu afe kwa vidonda vidogo vidogo. Swali la tatu ni la maficho: je, dhaifu anao mwamba wa kukimbilia, na mwamba huo ni wake au umekwisha kutwaliwa na mkunga? La nne ndilo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni hili: nikikosea, nitawezaje kumtoa?

Mfugaji wa sanduku analo jibu la swali la nne. Anao wavu wa mkono. Atamkimbiza yule mkorofi, atamtoa, atamrudisha dukani au kumpa rafiki. Naam, wako waliojibu vibaya hata hapo, wakamtupa samaki aliyewachosha katika bahari iliyo karibu. Yule mwenye miiba ya sumu, ambaye kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, alionekana karibu na Florida mwaka wa 1985, na wataalamu wengi huamini ya kuwa alitoka masandukuni mwa wafugaji. Leo ameenea katika bahari ya Karibi yote akiwala samaki wadogo wasiomjua, na hakuna wavu wa kumtoa.

Sasa turudi nyumbani. Kabla ya mbuta, ziwa letu halikuwa bustani ya amani. Nalisema hili kwa kuwa baadhi ya wenzangu huzungumza kana kwamba samaki wa zamani walikuwa malaika. Walikuwapo walaji wengi. Seu alikula samaki, mumi alikula samaki, na hata miongoni mwa furu wenyewe ziko jamaa nyingi zilizokula furu wengine. Lakini walaji hao walikua pamoja na waliwao kwa maelfu ya miaka. Kinywa cha mmoja kilikuwa na kipimo chake, na mbio za mwingine zilikuwa na kipimo chake. Jioni ilipofika mlaji alikuwa ameshiba, na mliwa alikuwa bado ana wazao.

Mbuta hakuwamo katika hesabu hiyo. Kwao ni Mto Nile, Ziwa Albert na Ziwa Turkana, na huko amekaa na majirani zake muda mrefu bila kuwamaliza. Anaweza kufikia urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200, uzito ambao hakuna samaki wa asili wa Ziwa Viktoria aliyeukaribia. Jike lake hutaga mayai kwa mamilioni. Furu je? Jike la furu hutaga mayai machache, aghalabu makumi tu, huyachukua kinywani mwake mpaka yaanguliwe, na hata watoto wakitoka huwarudisha kinywani iwapo hatari. Ni malezi mazuri, nami sijui mzazi awezaye kumshinda. Lakini malezi hayo ni ya samaki ambaye watoto wake hufa wachache. Akija mlaji amezaye mama, humeza pamoja naye kizazi kizima kilicho kinywani. Mtu ye yote ambaye angeuliza lile swali la kwanza la mfugaji wa sanduku, swali la upana wa kinywa, angelipata jibu lake kabla ya kuifunua ndoo.

Na swali liliulizwa! Hapa ndipo hasira yangu inapopata sababu. Serikali ya wakoloni ilimtuma Michael Graham alichunguze ziwa mwaka wa 1927 na 1928, kwa kuwa ngege walikuwa wamepungua tangu nyavu za kigeni zilipoingia mwanzoni mwa karne ile. Katika taarifa yake ya mwaka wa 1929 alionya ya kwamba kumleta mlaji mkubwa kutoka mahali pengine ni hatari kubwa, isipokuwa utangulie uchunguzi mrefu. Miaka thelathini na mmoja baadaye, mwaka wa 1960, Geoffrey Fryer, mtaalamu aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa samaki cha Jinja, aliandika kumpinga mbuta waziwazi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kwa mtu aliyepata kufuga kuku: ili upate kilo moja ya mlaji, zinakwenda kilo nyingi za mliwa, basi kuongeza kinywa kimoja zaidi kati ya mtu na chakula chake si kukiongeza chakula.

Waliotaka mbuta nao walikuwa na hoja zao. Walisema furu ni wadogo, wana miiba mingi, hawauziki mbali. Afadhali wageuzwe kuwa nyama ya samaki mkubwa. Wako pia waliotamani samaki wa kuvuliwa kwa ndoana kwa mchezo, siku za mapumziko. Mabishano hayo yangelifaa kuendelea hadi mwisho wake. Lakini yalipokuwa yakiendelea kwenye karatasi, samaki alikwisha kutiwa majini. Mbuta alipatikana ziwani upande wa Uganda mwaka wa 1960, na waliochunguza habari hizo baadaye wameeleza ya kuwa wa kwanza walitoka Ziwa Albert na kutiwa kwa siri karibu na Jinja mwaka wa 1954. Kisha ikasemwa kwamba maadamu yumo, na awemo. Mwaka wa 1962 na 1963 wakatiwa wengine, mara hii kwa ruhusa, huko Entebbe na hapa Kisumu. Mvuvi wa Dunga hakuulizwa. Mama aliyekausha furu juani huko Uyoma hakuulizwa. Walioulizwa ni wataalamu, nao waliposema hapana, haikuwafaa kitu.

Kwa miaka mingi mbuta alionekana mmoja mmoja. Mwisho wa miaka ya 1970 akafurika katika ghuba yetu ya Winam, kisha upande wa Uganda na Tanzania, ambako humwita sangara. Wachunguzi waliovuta nyavu za chini miaka ya 1969 hadi 1971 walikuta ya kwamba katika kila kilo kumi za samaki, kama kilo nane zilikuwa furu. Miaka kumi na mitano baadaye furu walikuwa haba mno katika maji ya wazi. Yakadiriwa ya kuwa ziwa lilikuwa na jamaa zaidi ya 500 za furu, ambazo hazipatikani po pote pengine duniani, na kwamba huenda zaidi ya 200 zimetoweka. Mimi nilizaliwa baada ya hayo. Sehemu kubwa ya ziwa la baba yangu sikuiona kwa macho, na wanafunzi wangu hawataiona.

Hapa ndipo wapinzani wangu wanaponisimamisha, na mmoja wao ni mjomba wangu, mvuvi tangu ujana wake. Huniambia, “Mwalimu, furu hawakunijengea nyumba. Mbuta alinijengea, akakusomesha na wewe.” Sina budi kukiri. Samaki waliovuliwa katika ziwa lote walikuwa kama tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970. Kufika mwisho wa miaka ya 1980 walikaribia nusu milioni. Viwanda vya kukata minofu vilisimama Kisumu, ndege zikapeleka samaki Ulaya, na fedha za kigeni zikaingia. Furu wengi walikuwa hawavuliwi. Mbuta aliwakusanya akawageuza nyama ambayo mataifa yaliitaka. Anayekana hayo hasemi kweli, nami sitaki kushinda ubishi kwa uwongo.

Lakini namwuliza mjomba, kwa heshima zote: samaki huyo aliliwa na nani? Mnofu ulipanda ndege. Kilichobaki Kisumu ni kichwa na mifupa, navyo vikapata jina lao sokoni, mgongo wazi. Nenda Obunga ukawaone akina mama wakivikaanga kwa mafuta mpaka leo. Wanawake waliokuwa wakinunua samaki kwa mafungu ufukoni walikuta lori la barafu la kiwanda limewatangulia. Furu na omena hukaushwa kwa jua, na jua halina bei. Mbuta ana mafuta mengi, sharti afukwe kwa moto, na moto unataka kuni, na kuni zilitoka katika vilima vyetu. Tena soko lililo mbali lina mlango ambao ufunguo wake hauko mikononi mwetu. Mwaka wa 1999 Ulaya iliufunga mlango huo kwa ajili ya habari za samaki waliovuliwa kwa sumu, na mvuvi asiyejua sumu wala Ulaya akarudi nyumbani na samaki wasio na mnunuzi.

Wala mbuta mwenyewe hakustarehe katika karamu ile. Alipowapunguza furu aligeukia kamba wadogo wa ziwani, na omena, na watoto wake mwenyewe. Watu nao wakamvua kupita kiasi, hata wale wakubwa wakawa hadithi. Mjomba wangu, ambaye nyumba yake ina bati kwa fedha za mbuta waliobebwa na watu wawili kwa mti begani, sasa huleta pwani mbuta wa urefu wa mkono wangu. Leo katika ziwa lote uzito ulio mkubwa kuliko wote ni wa omena, samaki mdogo kuliko kidole, ambaye mabwana wa miaka ya 1950 wasingemhesabu kuwa samaki.

Liko neno moja ambalo naomba vijana wasilirithi. Katika taarifa za wakati ule furu waliitwa samaki takataka. Nimelisoma neno hilo mara nyingi, na kila mara naona ya kuwa ndilo lililofanya kazi yote. Maana ukimwita jirani takataka, huna haja ya kuuliza kama ataweza kuishi na mgeni wako. Takataka hao walikuwa na kazi zao. Wako waliokula matope na mimea midogo inayofanya maji yawe kijani. Wako waliovunja konokono kwa taya zao, na konokono wa ziwani ndio wanaochukua ugonjwa wa kichocho. Sisemi kwamba maji yamegeuka kijani kwa sababu ya mbuta peke yake. Mbolea za mashamba, udongo unaoletwa na mito, na uchafu wa miji yetu, Kisumu ukiwamo, vina sehemu kubwa. Nasema tu kwamba tuliwafukuza wafagiaji katika siku zile zile tulipoanza kumwaga takataka za kweli.

Wako wanaosema yaliyopita yamepita. Laiti yangekuwa yamepita. Tazameni Ziwa Naivasha, ambalo hapo kale lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo sana, naye ametoweka tangu walipoletwa walaji wa kigeni wa kuvuliwa kwa mchezo. Na mwaka wa 1970 wakaongezwa kamba wa maji baridi kutoka Louisiana. Tazameni ngege wetu wa asili. Amekwisha karibu kabisa katika ziwa kubwa, amebaki katika maziwa madogo kama Kanyaboli, ndani ya mafunjo ya Yala. Hata huko amefuatwa, si na mlaji, ila na ndugu yake wa Nile aliyeletwa miaka ya 1950, ambaye hammezi bali huzaana naye; wachunguzi wameona dalili za damu mchanganyiko. Basi hata yule lisilomhusu swali la kinywa anaweza kummaliza mwenyeji wake. Na kila mwaka vidimbwi vya kufugia samaki vinachimbwa, vizimba vinatiwa ziwani, vifaranga vya samaki vinasafirishwa kwa mifuko ya plastiki toka wilaya hii hata ile. Ni kazi njema, na wengi kati yenu mtaifanya. Lakini ni nani husimama kando ya mfuko ule na kuuliza maswali manne kabla haujafunguliwa?

Nataka iwe sheria, tena sheria yenye meno: samaki mgeni asitiwe katika mto, bwawa wala ziwa mpaka anayemleta amejibu mbele ya baraza la watu wa ufuko huo, kwa lugha yao, kinywa chake kina upana gani, ana tabia gani, wenyeji watakimbilia wapi, na akiwa ni kosa atatolewaje. Asiyeweza kujibu la nne arudi na ndoo yake. Na yale maficho yaliyobaki, yaani mafunjo na miamba ya ufuko, yaachwe yasimame. Furu wachache walionusurika wengi wao walinusurika humo. Kwenye mafunjo hewa ya majini ni haba, furu huistahimili, mbuta haiwezi. Anayeyakata na kuyachoma mafunjo apate shamba la juma mbili tatu anavunja chungu cha mwisho katika sanduku.

Mjomba alikuja chuoni mwezi uliopita kunitazama. Nilimwonyesha yule furu wetu mmoja, akainama mbele ya kioo kwa muda mrefu, mikono nyuma. Akaniambia kwamba alipokuwa mtoto watoto walivua kama hao kwa kipande cha ndoana na funza, wakawachoma pale pale ufukoni, wala hakuna aliyewahesabu. Kisha akauliza, “Na yule mbuta, mlimtoaje?” Nikamjibu ya kuwa tulimtoa kwa kipande cha chandarua kilichofungwa kwenye waya. Akacheka, akataka akione. Nikamletea. Alikinyosha, akakipima kwa shibiri yake, akanirudishia. Kisha tukazungumza habari ya bei ya omena.